Nilivyokwenda Polisi Kuuliza Habari za Mumeo

Riziki binti yangu,

Kesho utatoka katika nyumba hii ya Toongabbie ukiwa umevaa shela, na mama yako na wanawake wote wa kanisa watalia kana kwamba unapelekwa mwezini, ilhali unakwenda Liverpool ya hapa hapa Sydney, treni moja bila kubadilisha. Mimi sitalia. Nimeshalisema hilo mbele ya watu, kwa hiyo nimejifunga mwenyewe. Badala ya kulia nakuandikia.

Sitakuambia habari za kupika wala za kupanga nyumba. Mama yako amekufundisha, na yale ambayo hukuyashika Eliya anayaweza. Nimeonja pilau yake, nikanyamaza kwa sababu ya heshima ya mama yako, na nakuomba na wewe unyamaze. Habari za sala nazo namwachia mchungaji, ambaye kesho atazisema zote na hajawahi kufupisha.

Nataka kukuandikia kuhusu polisi. Sehemu ya habari hii unaijua, lakini uliisikia ukiwa umekasirika, na mtu mwenye hasira husikia nusu. Nusu iliyobaki ninayo mimi, na sitaki uondoke bila kuichukua.

Kwetu Uvira mtu hakutoa binti kabla ya kuuliza. Na kuuliza huko kulikuwa kazi yenye ufundi wake. Anatafutwa mtu asiyejulikana upande wa kijana, mpenda maongezi ambaye halewi upesi, anatumwa mtaani kwao akijifanya mnunuzi wa mbuzi. Ananunua kidogo, anauliza sana. Baba wa kijana anaishije na mkewe? Wakiazima jembe la jirani wanalirudisha? Kijana akishindwa katika mabishano hufanya nini, hucheka au huondoka au hukunja ngumi? Yule mnunuzi akirudi, wazee wanamkalisha, wanampa chakula, na yeye anasema ndiyo au hapana. Kijana mwenyewe haulizwi kitu. Kumuuliza mtu uso kwa uso kama ni mwizi ni matusi, kwa hiyo kwa heshima unamzunguka kwa nyuma.

Shangazi yako Sifa hakuuliziwa habari za mume. Yule bwana alikuwa mwalimu, alikuja na tai shingoni, na wazee wakasema mtu mwenye tai hana haja ya kuchunguzwa. Unamfahamu Sifa kwa simu tu, yule anayekuimbia siku yako ya kuzaliwa. Kwenye simu huoni kwamba mkono wake wa kushoto haunyooki. Kila aliporudi nyumbani alipewa chai na akaambiwa vumilia, mwanamke ni kuvumilia, halafu akasindikizwa kurudi. Nilimpenda sana dada yangu, na tangu wakati huo nikiona kijana amevaa tai naingiwa na wasiwasi.

Basi Eliya akaja. Siku ya kwanza alisimama mlangoni akasema, "Shikamoo baba." Sisi wa Uvira salamu hiyo hatuitumii sana, ni ya Watanzania, na yeye Mrundi wa watu ameipata huko kambini Kigoma alikokulia. Nikababaika. Nikajibu, "Jambo," na mama yako akanikanyaga mguu.

Nilimuuliza watu wake. Baba alifia kambini, mama naye amefariki, ndugu hana, shangazi mmoja yuko Adelaide. Nikampigia huyo shangazi. Akamsifu Eliya tangu alipozaliwa hadi siku ile bila kuvuta pumzi, na shahidi wa namna hiyo hafai kitu. Mtaa wa kumtuma mnunuzi wa mbuzi haukuwepo. Kambi yenyewe watu wake wametawanyika Kanada, Marekani na kwingineko. Nitamtuma nani, na mbuzi wa wapi?

Ndipo rafiki yangu Shemasi Fataki akaniletea neno. Unamjua Fataki, akitaka kukuambia siri anaanza kwa kuomba. Aliomba, kisha akasema mtu fulani alimwona Eliya miaka ya nyuma pale Rooty Hill, nje ya fleti, akipandishwa gari la polisi, mikono nyuma. Sikulala vizuri. Jumapili iliyofuata tukiwa mezani nilitupa ndoano kwa mbali, nikasema siku hizi vijana wengi wanapata shida na serikali. Eliya alitazama sahani yake akasema, "Kila mtu ana siku yake, baba." Wewe ulikuwa ukicheka na simu yako, hukusikia. Mimi nilisikia, na mbele ya macho yangu nikaona mkono wa Sifa.

Sasa fuata hesabu ya baba yako. Kwetu mtu akitafuta kazi anakwenda ofisi ya komini, yaani serikali ya mtaa, anapewa cheti kwamba ana maisha mema na tabia njema. Ofisi inajua. Hapa Australia serikali inaandika kila kitu. Niliweka chupa kwenye pipa lisilo lake wakabandika karatasi kwenye pipa langu kunionya. Serikali inayojua chupa zangu itashindwa kumjua Eliya? Nikaona ni kwenda kituo cha polisi, kujitambulisha kama baba, na kuuliza. Shemasi alikubali kuwa shahidi na akavaa suti.

Mkono mtupu haulambwi. Zile sambusa ambazo mama yako aliziandaa kwa mkutano wa akina mama, ambazo tulisema hatujui zilikwenda wapi, zilikwenda kituoni.

Pale kaunta tulimkuta dada mmoja polisi, mpole, mwenye nywele za rangi ya mahindi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kwanza aliniuliza kama binti yangu yuko hatarini leo. Nikasema hapana, leo yuko kazini anawaogesha wazee. Akasema kama binti ana hofu yoyote aje mwenyewe, watamsikiliza. Kisha akanieleza kwamba mambo ya mtu, kukamatwa kwake na matukio yake, hapewi mtu mwingine mpaka mwenyewe akubali. Kila mtu anaweza kuomba ya kwake. Nikitaka kujua eneo zima, takwimu ziko kwenye intaneti, magari mangapi yameibwa, nyumba ngapi zimevunjwa, ila hakuna majina. Takwimu bila majina nizifanyie nini? Kwani nakuoza kwa eneo zima?

Akaendelea kusema kwamba ipo sheria inayomruhusu mtu yeyote kuomba nyaraka za serikali. Unajaza fomu kwenye intaneti, unalipa ada, unasubiri. Hapo ndipo nilipoacha kusikiliza, Riziki. Nilisikia "mtu yeyote" nikashiba. Aliongeza kitu kuhusu kumuuliza kwanza yule anayehusika, lakini mimi nilikuwa tayari natafuta funguo za gari. Sambusa akazirudisha kwa upole, akasema hawaruhusiwi kupokea zawadi.

Nje, mimi na Shemasi tulifanya kikao. Ofisa amekataa zawadi. Kwetu jambo hilo lina maana moja tu, na Shemasi ndiye aliyeitamka: imekuwa ndogo. Niliona aibu. Binti mzima, mwenye kazi na cheti cha chuo, na mimi nimekwenda kumuulizia habari za mume na sambusa.

Wiki iliyofuata tulirudi na paja la mbuzi. Zima, ndani ya ile esky ya buluu tunayobebea soda za kanisa, na barafu juu. Nilipofungua kifuniko pale kaunta, yule dada alifumba macho kidogo. Akamwita mkubwa wake, mwanamume mnene mwenye sauti ya chini, ambaye alinieleza polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto kuvuka barabara, kwamba kumpa polisi kitu huku unamwomba kitu ni kosa katika nchi hii. Alisema anaona hapa kuna ugeni wala si ubaya, ataniachia kwa onyo la mdomo, lakini ni lazima aandike. Akaniomba nimtajie jina langu herufi kwa herufi. Nilipogeuka kumtafuta shahidi wangu, Shemasi alikuwa ukutani anasoma tangazo la mbwa waliopotea.

Paja tulilila kwake. Lilikuwa tamu, lakini nililila kama mfungwa.

Hapo mtu mwenye akili angeacha. Mimi nilijaza fomu. Fomu ilitaka jina kamili la mhusika, tarehe ya kuzaliwa, na anwani alizoishi, kwa hiyo nilimwambia Eliya kwamba Shemasi anatengeneza orodha ya kuwaombea mabwana harusi wote, na Mungu anapenda usahihi. Kijana wa watu aliniandikia kila kitu kwa mwandiko mzuri, hata fleti aliyokaa miezi michache tu. Chini akaongeza, "Asante baba kwa kuniombea." Nilijisikia vibaya kwa muda, halafu nikabonyeza kutuma.

Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Lile neno ambalo sikulisikiliza pale kaunta lilikuwa hili: serikali ikiombwa habari za mtu, inamwandikia mtu huyo kumuuliza kama ana pingamizi. Eliya akapata barua. Jina langu halikuwemo. Lakini barua ilitaja ile fleti ya Rooty Hill, ambayo katika Sydney nzima alikuwa hajamtajia mtu isipokuwa Mungu, kupitia mimi.

Hakukuambia, hilo ulikumbuke. Wewe ndiye uliyeiona barua kwenye gari lake, na sote tunajua kilichofuata. Uliingia jikoni na viatu vyako vya kazi. "Dad, umeenda polisi juu ya Eliya? Like he's a criminal?" Nikakujibu kwamba kuuliza si ujinga. Ukasema, kwa Kiswahili safi ambacho huwa unaniambia umekisahau, "Yeye mwenyewe ulimuuliza?" Nilikuambia nitakujibu kesho, na mpaka leo hii kesho haikuwa imefika.

Ukasema ndoa itafungwa niwepo nisiwepo, kwa msajili wa serikali, mashahidi utawaokota hata njiani. Mabegi yako yakaanza kuhamia kwa rafiki yako Blacktown, moja moja. Tukawa tunazungumza kupitia mama yako, ambaye kila alipobeba ujumbe aliongeza na wake. Nilimtuma aseme "Mwambie chakula kiko tayari," nikamsikia akisema mlangoni, "Baba yako anasema chakula kiko tayari na kwamba yeye ni mjinga." Nilicheka peke yangu sebuleni, kisha nikaogopa. Sikuogopa Eliya tena wakati ule. Niliogopa utoke kwangu na hasira, kwa sababu binti aliyeondoka na hasira hana pa kurudi siku akivunjwa mkono. Yaani nilikuwa najaribu kukulinda na yaliyompata Sifa, na kwa juhudi yangu mwenyewe nilikuwa nakufungia mlango.

Aliyetuokoa ni Eliya. Alikuja peke yake, jioni moja wewe ukiwa zamu. "Shikamoo baba." Kwa mara ya kwanza nilijibu marahaba, nusu kwa heshima na nusu kwa hofu. Alikaa pembeni ya kochi akasema, "Baba, nimewajibu kwamba sina pingamizi. Wakupe kila kitu."

Nikaanza kueleza habari za mila zetu. Alinisubiri nimalize, maana ana subira kijana huyu, kisha akasema, "Mila hiyo hata kwetu ipo. Na upande wa bwana harusi nao huuliza habari za ukoo wa binti. Ila kwangu hapa hakuna aliyebaki wa kutumwa, nimebaki mimi. Kwa hiyo na wewe omba za kwako, baba. Tusome pamoja, mama akiwepo."

Jikoni mama yako alicheka kwa sauti, cheko la kwanza baada ya majuma. Mimi nilisema sina wasiwasi. Nilimwambia mkwe wangu mtarajiwa kwamba kwa miaka yote niliyokaa nchi hii, serikali haina neno baya juu yangu, mimi ni mweupe kama chumvi. Nyani haoni kundule, Riziki, na mimi nilikuwa nimelikalia siku nyingi.

Siku ya kusoma, bahasha zote mbili zilipokwisha kufika, ulikuja kwa sababu mama yako alikuambia usipokuja utajuta. Shemasi alikuja kwa sababu hakuna aliyemzuia. Mkubwa hutangulia, kwa hiyo tulianza na bahasha yangu, na kwa kuwa Kiingereza cha polisi ni kigumu, ulisoma wewe, ukitafsiri kwa sauti ya msomaji wa habari.

Hukupaswa kufurahi vile. Kwanza, bwana fulani wa Toongabbie aliripoti gari lake limeibwa, na polisi wakalikuta kituo cha treni cha Rooty Hill, limefungwa vizuri, mahali alipoliegesha mwenyewe Jumapili kabla ya kurudi nyumbani kwa treni akipiga soga na rafiki yake. Shemasi akasema yeye hakumbuki. Pili, bwana huyo huyo aliita polisi kwa sababu ya jambazi juu ya dari, na jambazi alikuwa possum, yule mnyama mwenye mkia mrefu, pamoja na mtoto wake mgongoni. Tatu, malalamiko ya jirani kuhusu ngoma na maombi ya mkesha. Jina la jirani lilikuwa limefutwa kwa wino mweusi, na Shemasi alisimama akaiweka karatasi dirishani kwenye jua, akiipindua huku na huku, mpaka mama yako akamnyang'anya. Nne, paja la mbuzi. Waliandika uzito wake kwa kukadiria. Eliya alikuwa ameinama, mabega yanatikisika, na nilidhani analia kwa masikitiko juu ya ukoo anaouingia.

Kisha ukafungua ukurasa wa mwisho ukaanza na sauti ile ile ya kucheka. Mtoto wa kike ametoweka. Ulikuwa darasa la tano. Mama yako alikuwa Brisbane kwenye msiba, nikarudi kazini jioni nikakuta nyumba tupu. Shule ilikuwa imewapeleka milimani mkalale huko, nami nilikuwa nimesaini ruhusa mwenyewe na nikasahau. Ulisoma kwamba baba alikutwa barabarani, hana viatu, ameshika picha ya mtoto, analia, anaonyesha picha kwa kila gari linalopita. Halafu ukasema polepole, "Uliniambia ulijua niko wapi."

Ndiyo, nilikuambia hivyo. Uliporudi kutoka milimani ukiwa na matope hadi masikioni, nilikugombeza kwa sababu ya matope, nikasema kwamba mimi sikuhangaika hata kidogo. Niliona aibu kukuambia kwamba nilikuwa nimekimbia hadi barabara kuu miguu mitupu. Sisi tuliolelewa na baba zetu tunapenda kwa kugombeza, na watoto mnabaki na magombezo tu. Nilikuwa na hofu, mwanangu. Kila siku nina hofu juu yako, na ingekuwa rahisi zaidi kwetu wote kama ningekuwa nakwambia.

Uliweka karatasi chini ukaja ukakaa karibu nami. Shemasi kwa mara ya kwanza katika maisha yake alielewa kwamba hakuhitajika kuomba.

Bahasha ya Eliya ilikuwa nyepesi. Tukio moja. Rooty Hill, miaka ile, majirani wamesikia vitu vinavunjika. Kijana mmoja ndani, peke yake. Kiti kimetupwa, kioo cha dirisha kimevunjika. Amekamatwa. Ameulizwa sababu, hakujibu. Ameachiwa kwa onyo, na kioo alikirudishia. Basi, hakuna zaidi. Nimehangaika miezi na sambusa na mbuzi, nimeandikwa jina langu herufi kwa herufi, na karatasi yenyewe haikujua sababu.

Ikabidi nifanye lile ambalo wewe uliniambia jikoni. Nilimgeukia nikamuuliza, uso kwa uso, kitu ambacho baba yangu asingefanya. "Siku hiyo kulikuwa na nini, mwanangu?"

Alitazama mikono yake. "Walinipigia simu kutoka kambini," akasema. "Mama alikuwa amekwisha zikwa tangu wiki iliyopita. Hawakuwa na salio la kunipigia mapema. Sikujua niifanyie nini mikono."

Mama yako aliinuka akamwekea chakula, ingawa alikuwa amekula na sahani bado ilikuwa imejaa. Mimi nilitoka nje nikajifanya naangalia mapipa. Niliporudi nilisema ndiyo, kama yule mnunuzi wa mbuzi. Nadhani ulidhani nimesema hivyo kwa kushindwa. Hapana. Nilisema kwa sababu mtu aliyeniruhusu nisome siku yake mbaya kuliko zote, baada ya mimi kumdanganya kwa jina la maombi, ana moyo mkubwa kuliko wangu. Nilitamani mama yake angekuwa hai nimpigie simu nimsifu mtoto wake bila kuvuta pumzi.

Kwa hiyo hilo ndilo jibu langu, lililochelewa. Hapana, sikumuuliza. Niliogopa jibu, nikaona ni nafuu kuliomba kwa wageni. Mtu wako akinyamaza, muulize yeye, tena muulize mapema. Usimzunguke kwa nyuma kama baba yako, maana huko nyuma utakutana na mimi na Shemasi na esky. Na wewe ukiwa na hofu mwambie una hofu, usimgombeze habari za matope.

Limebaki jambo moja, nalo halichekeshi. Kesho, wanawake wakikuzunguka kukupa mawaidha, kuna mmoja atakuambia vumilia. Yupo kila harusi. Mheshimu, mshukuru, na lisahau neno hilo kabla hamjakata keki. Mimi namwamini Eliya, nimekuandikia kwa nini. Lakini hata Sifa aliamini, na wazee wangu waliamini tai.

Basi ikitokea siku, miaka yoyote ile, ukiwa na watoto au huna, nikiwa nimekuonya au sijakuonya, ukaona nyumba hiyo si mahali pa kukaa, wapigie polisi kwanza. Usinipigie mimi kwanza. Wao wana gari lenye taa na wanafika haraka, na mimi nategemea treni ya Toongabbie, unaijua siku za matengenezo. Wao wataandika kila kitu, saa na mahali na nani alisema nini, na hiyo ni kazi yao, waache waandike.

Halafu nipigie mimi. Nitakuja, hata kama ni bila viatu. Nitachukua mabegi, nitakufungulia mlango wa gari, na njia nzima kutoka Liverpool mpaka nyumbani, mimi baba yako, sitakuuliza swali hata moja.

Baba yako anayekupenda, na safari hii neno hilo nimeliandika mwenyewe